Uulize Mkilifi Kabla Hujachimba Kisima

Mimi ni fundi wa visima na pampu hapa Malindi. Kwa miaka mingi, nikifika kwenye kiwanja cha mtu, swali langu la kwanza lilikuwa moja: choo kiko wapi? Sasa nauliza na la pili: upande wa pili wa ukuta huu palikuwa na kazi gani?

Hilo la pili nimefunzwa na kiwanja kimoja cha Barani, hapa hapa Malindi. Mama mwenye nyumba alitaka kisima pembe ya mashariki, penye kivuli, wachotaji wasiungue jua. Ukuta wa pembe hiyo ulipakana na gereji iliyokwisha kufungwa. Nikiwa nimeshika kamba napima, jirani wa nyuma akaniita kando.

"Fundi, usije ukamtia mama hasarani. Mimi kisima changu nimekifunika kwa zege. Maji yananuka petroli, nguo ukizifua unazivaa zanuka vile vile."

Kuuchimba mwamba wa matumbawe futi 18 kwa mtaimbo na nyundo ni kazi ya siku nyingi, na pesa zenyewe mama alikuwa amezipata kwa zamu yake ya chama. Sikutaka kumchimbia shimo la kunusa petroli. Lakini pale pembeni palikuwa na mikilifi mitatu (mwarobaini, kwa msomaji wa bara), mwembe mmoja mkongwe na minazi. Miti hiyo ilikuwa imenitangulia kuchimba. Ilikuwa inayanywa maji ambayo mimi bado sijayaona, tena kila siku. Kazi ilikuwa kuifanya itoe ushahidi.

Mti ni pampu isiyo na mota. Jua na upepo hukausha majani, majani huvuta maji ya shina, shina huvuta ya mizizi. Kemikali iliyoyeyuka ndani ya maji hayo hupanda nayo kupitia mbao changa, ile iliyo karibu na gome, kisha hutoroka kidogo kidogo hewani. Ukitoa kijiti cha mbao hiyo ukakifungia ndani ya kichupa cha kioo, kemikali hutoka mbaoni ikajaa katika hewa ya kichupa. Maabara huifyonza hewa hiyo kwa sindano na kuipima.

Si kila kemikali hupanda. Ngozi ya mzizi ina asili ya mafuta. Kemikali isiyopatana na mafuta kabisa hubisha hodi ikarudi. Inayoyapenda kupita kiasi huingia ikanata pale pale mzizini. Zinazofika juu ni za katikati. Wakemia wana kipimo cha mapenzi hayo, kati ya mafuta na maji, huandikwa kwa logi (kila namba moja ikiongezeka, mapenzi ya mafuta huzidi mara kumi), na zinazopanda vizuri huwa takriban kati ya 0.5 na 3.5. Benzini iliyomo kwenye petroli ni kama 2.1. Trikloroethilini, ambayo viwandani ilitumika sana kuondolea grisi kwenye vyuma, ni kama 2.4. Tetrakloroethilini, ya draiklini na ya baadhi ya dawa za kupuliza breki, ni kama 3.4; iko mpakani lakini hupita. DDT imezidi 6, hiyo usiisumbukie kwenye shina. Risasi ya betri haitoi mvuke, kwa hiyo kichupa cha hewa hakina la kukuambia juu yake. Kule Owino Uhuru, Mombasa, ambako mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa ajili ya sumu ya risasi, mambo yalionekana kwenye damu ya watu na kwenye udongo. Ukiwa na shaka ya betri, pima udongo, miti iache.

Njia hii wameifungua Wamarekani. Don Vroblesky wa USGS, idara ya jiolojia ya serikali yao, pamoja na wenzake walitoboa miti ya kwenye bonde la kinamasi huko South Carolina wakakuta trikloroethilini ya maji ya chini imo ndani ya mashina. Matokeo waliyachapisha 1999, na mwaka 2008 Vroblesky akatoa mwongozo wa kazi nzima. Katika mji mdogo wa New Haven, Missouri, miti ilitumika kusaka tetrakloroethilini. Mengi ninayofanya yametoka huko. Ila wao wana mipopla na theluji, sisi tuna mikilifi na kaskazi, kwa hiyo mengine imebidi niyapime kwa mikono yangu.

Mti gani, na wakati gani

Kosa la kila anayeanza ni kutafuta mti mgonjwa. Mkilifi wa pili pale Barani, ambao baadaye ulitoa namba kubwa kuliko yote, ndio uliokuwa na kivuli kizito kuliko yote. Kuku wa mama walikuwa wakilala juu yake. Kiasi kinachotosha kuharibu maji ya kunywa ni kidogo mno kuusumbua mti. Na majani yaliyoungua ncha, hapa kwetu, kwanza shuku chumvi. Siku hizi majani siyaangalii ila kwa jambo moja: yapo au hayapo? Mti usio na majani hauvuti maji.

Kwa sababu hiyo mbuyu siutaki. Kiangazi, wakati ninaoutaka mimi, wenyewe umepukutika umelala, na shina lake ni tangi la maji ya zamani. Tena mbuyu una wenyewe. Nilimwendea mzee mmoja kuomba ruhusa, chini ya mti kuna vitambaa vyekundu na chupa ya marashi. Akanitazama akasema, "Mwanangu, wewe ukitobolewa utapenda?" Nikafunga mkoba wangu.

Mnazi nao uache. Hauna ule utando hai wa chini ya gome ambao kwa miti mingine huziba jeraha, kwa hiyo tundu utakaloliacha leo wajukuu watalikuta. Mkindu na mkoma ni hali moja. Mvinje una mbao ngumu ajabu. Kekee yangu iliwahi kukwama ndani ya mmoja pale karibu na ufuo, na kuichomoa kulinichukua tangu adhuhuri hadi alasiri. Mkungu si mbaya. Lakini kama unao mkilifi au mwembe wenye shina nene kuliko paja la mtu mzima, huna haja ya kuhangaika. Kwa mwembe vaa glavu, utomvu wake huunguza ngozi.

Kisha muulize mwenye nyumba huo mti unakunywa nini. Swali hili sikuliona sana kwenye miongozo, na kwetu ndilo lenye uzito. Mti uliopandwa penye mfereji wa maji ya bafuni unakunywa maji ya bafuni. Mti unaomwagiliwa maji ya bomba kila jioni utakupa habari za bomba. Pale Barani niliuacha mwembe wa pili, mzuri wa shina, kwa kuwa ulikuwa umesimama hatua mbili kutoka kwenye karo la kuoshea vyombo.

Wakati ni kaskazi, kuanzia Januari hadi masika hayajakaribia. Jua kali, udongo wa juu umekauka, mti hauna budi kushuka chini kutafuta maji. Baada ya mvua mizizi ya juu hujishibisha maji ya mvua, na ile kemikali huchanganywa hadi isionekane. Mimi nangoja wiki mbili kamili bila tone. Jihadhari tu na mkilifi: kiangazi kikizidi nao hupukutisha majani. Ukiukuta hivyo ngoja uchipue, au uende kwenye mwembe ambao hauachi majani.

Kutoboa

Chombo ni kekee maalumu ya miti: bomba jembamba la chuma, ncha yake ina meno ya parafujo, na ndani yake huingia ulimi mwembamba wa kuchomolea kijiti. Yangu hutoa kijiti cha milimita 5 unene. Niliachiwa na mhandisi wa maji aliyestaafu, aliyekuwa akichoka kuona inapata kutu. Usitumie dreli ya umeme. Dreli huchemsha mbao, na unachokitafuta ni mvuke. Utakuwa umekifukuza mwenyewe kabla hakijaingia kwenye kichupa.

Vichupa viwe vya kioo, mililita 20, vyenye kifuniko cha kubana na kizibo cha mpira kilichofunikwa Teflon upande wa ndani. Plastiki hunywa kemikali hizi na nyingine hutoa zake. Pata penseli na karatasi. Kalamu nene za wino usiofutika zina viyeyushi ndani yake, ziache nyumbani. Siku ya kazi usijipake manukato wala dawa ya mbu.

Chagua kimo kimoja kwa miti yote. Mimi hutoboa usawa wa goti, kwa kuwa kemikali hupungua kadiri unavyopanda juu: inatoka kupitia gome njiani. Ukitoboa mmoja gotini na mwingine kifuani, huwezi tena kulinganisha.

Kaa vizuri, kiwiko ukikaze kwenye ubavu, ncha ielekee moja kwa moja kwenye kiini cha shina. Sukuma na kuzungusha taratibu hadi meno yashike. Hapo ndipo wengi huyumba na kijiti kikatoka vipande vipande. Ikishika, zungusha tu bila kusukuma. Utasikia gome linalia kama ubao mkavu, kisha sauti inakuwa nzito, ndiyo mbao mbichi. Ingiza sentimita 6 au 7 basi. Penyeza ulimi ndani hadi mwisho, rudisha kekee nusu mzunguko kinyume ili kijiti kikatike kwa ndani, vuta ulimi.

Kuanzia hapa usizungumze na mtu. Kijiti cha mkilifi hutoka cheupe chenye unyevu, kinang'aa, kikigusa kidole unahisi ubaridi. Unyevu huo ndio mali yako, na kila sekunde unapungua. Kichupa kiwe kimeshafunguliwa mkononi mwa msaidizi. Tumbukiza, funika, kaza. Mwanangu wa kiume ndiye msaidizi wangu, na tukizoea tunamaliza kabla hujahesabu kumi. Ondoa gome kwenye kijiti ikiwa limeng'ang'ania, lakini usianze kukisafisha safisha.

Toa kijiti cha pili karibu na cha kwanza, upana wa vidole viwili. Namba zake zikifanana na za mwenzake una amani. Kwa mti mnene toboa na upande wa pili wa shina, maana mizizi ya upande huu inaweza kunywa maji yasiyofika upande ule. Usije ukaapa kuhusu mwelekeo, lakini: maji ndani ya shina mara nyingine hupanda kwa kujizungusha kama kamba.

Baada ya kila mti osha kekee kwa sabuni ya kipande na maji safi, uifute kwa kitambaa kisichonusa kitu. Tundu la mti mimi silizibi, mkilifi huliziba wenyewe.

Vichupa viwili zaidi ni lazima, na hivi ndivyo watu huviona vya bure. Cha kwanza ni cha hewa tupu: kifungue pale chini ya mti kwa muda ule ule unaotumia kutia kijiti, kisha kifunge. Cha pili ni kijiti cha mti wa aina ile ile ulio mbali na shaka yoyote, upande ambao maji yanatokea. Malindi bahari iko mashariki na maji ya chini kwa jumla huelekea huko, kwa hiyo mti wangu wa ushuhuda naufuata magharibi.

Vichupa hivyo viwili ndivyo vilivyoniumbua. Mara ya kwanza nilipopeleka mzigo Mombasa, majibu yalirudi: miti yote ina toluini, kemikali nyingine iliyomo kwenye petroli. Mikilifi, mwembe, mti wa magharibi, hata kichupa cha hewa tupu. Maji ya Malindi nzima yawe na petroli? Nilikaa na karatasi ile usiku kucha. Asubuhi nikaenda kuifungua tuktuk niliyobebea mzigo, nikaona chini ya kiti jerikani ya petroli ya pampu yangu, kifuniko kimeungana na kitambaa. Na asubuhi ile ya kutoboa nilikuwa nimeiwasha pampu ya mteja kwa mikono hii hii. Ada ya maabara ikawa imekwenda na maji. Nisingekuwa na kile kichupa cha hewa ningemwambia mama wa Barani aihame nyumba yake.

Tangu hapo siku ya kutoboa sigusi mafuta ya aina yoyote, naenda kwa baiskeli, na vichupa vinakaa ndani ya kiboksi cha barafu kisichowahi kubeba kingine chochote.

Maabara na ramani

Kipimo kinachohitajika ni kromatografia ya gesi, yaani mashine inayotenganisha kemikali za mvuke moja moja na kuzipima, kwa hewa ya ndani ya kichupa. Si kila maabara inayopima maji ina mashine hiyo. Piga simu kwanza, uwatajie majina ya kemikali unazozitafuta, uulize kama wanapokea kichupa chenye mbao. Ofisi ya Mkemia wa Serikali ina tawi Mombasa, unaweza kuanzia kuulizia huko. Wengi watakuambia wao hupima maji tu. Usikate simu, waeleze kwamba hewa ya kichupa ni hewa, na mashine haijui imetoka wapi.

Majibu yakija, usiyasome kama majibu ya maji. Namba ya kijiti si namba ya kisima, na hakuna hesabu rahisi ya kugeuza moja kuwa nyingine. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha benzini kwenye maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Hicho ni cha maji, usikifananishe na mbao. Unacholinganisha ni mti kwa mti. Chora kiwanja kwenye karatasi, tia ukuta, choo, karo, kila mti mahali pake, uandike namba yake juu yake. Kisha kaa mbali kidogo uitazame kama unavyotazama nyayo kwenye mchanga: zinatokea wapi, zinaelekea wapi?

Ramani ya Barani, mara ya pili, ilisema hivi. Mikilifi mitatu ya ukutani yote ilikuwa na tetrakloroethilini, wa katikati ukiizidi mingine mara nyingi. Mwembe, hatua 12 kuelekea magharibi, ulikuwa na chembe tu. Mti wa ushuhuda hauna kitu. Benzini haikuonekana popote.

Jirani alikasirika. "Fundi, pua yangu inasema uongo?" Haisemi uongo. Petroli ni nyepesi, huelea juu ya maji, na pale mizizini penye hewa kuna vijidudu vinavyoila kabla haijapanda. Ndiyo maana miti ni shahidi dhaifu kwa petroli, na shahidi mzuri kwa hizi za klorini ambazo vijidudu vya penye hewa haviziwezi kirahisi. Tetrakloroethilini pia ni nzito kuliko maji, lita yake ina kilo 1.6 na zaidi, huzama kwenye nyufa za mwamba ikakaa. Kisima cha jirani kilihitaji kupimwa maji yenyewe, tena kwa petroli na kwa tetrakloroethilini, na nikamwambia asikifunue hata kama harufu imekwisha.

Kwa hiyo mti ukinyamaza hujapewa ruhusa ya kunywa. Labda maji yako chini kuliko mizizi, labda kemikali ni ya aina isiyopanda, labda ulitoboa baada ya mvua. Na mti haujui habari za choo. Kipindupindu hakina mvuke.

Kinachobaki ni kuchagua pa kuchimba na kujua uitishe kipimo gani. Mama tulimhamisha pembe ya magharibi, nyuma ya jiko, mbali na choo pia. Alilalamikia kivuli. Tulichimba siku 9, maji tukayakuta futi 17, nikajaza chupa za maabara kabla ya kutia pampu. Majibu: hakuna tetrakloroethilini, hakuna benzini, ila yana munyu. Chai huwezi. Anafulia, anaogea, anamwagilia mchicha, na ya kunywa bado ananunua kwa mwenye mkokoteni. Mikilifi ya ukutani haijakatwa, kuku wamo juu yake mpaka leo.